Mshale umelala, bisi inapanda Ngomo

Bukavu: Kwenye mlima wa Ngomo, barabara ya kwenda Uvira, bisi za zamani zinapanda huku mshale wa joto la moteri umelala. Wenye magari wanajitetea: vipuri vyake havipatikani tena. Ni uvivu tu. Fundi yeyote achomoe waya kwenye sonda ya moteri, afungue kontakti, augusishe kidogo kwenye chuma. Mshale ukipanda, saa ni nzima, sonda ndiyo imekufa. Hata sonda ya gari lingine inafaa, ikilingana vipimo vya umeme na nyuzi za kufungia. Maji yakichemka, mama mhami aliyelipa nauli kamili anashushwa njiani na watoto, usiku. Wenye bisi wanunue sonda kabla ya kupaka rangi mpya.