Dynamo: Tuambiwe kabla ya kufunga mzigo

Mimi ni mwalimu hapa Gasorwe. Shule nilisoma ukimbizini Tanzania, na mpira wa kikapu niliujulia hukohuko. Kwa hiyo nilishangilia Machi 2024, Dynamo ya Bujumbura ilipokuwa klabu ya kwanza ya Burundi kucheza Ligi ya Kikapu ya Afrika. Tarehe 9, mjini Pretoria, iliifunga Cape Town Tigers 86-73, maandishi ya kutangaza utalii wa Rwanda yakiwa yamefunikwa kwa utepe kwenye jezi. Mechi mbili zilizofuata hawakucheza, wakaondolewa.

Burundi ilikuwa imefunga mpaka wake na Rwanda tangu Januari mwaka huohuo. Ugomvi wa nchi siuamui mimi. Lakini mdhamini huyo alijulikana tangu ligi ilipoanza mwaka 2021. Kama jezi haivaliki, vijana wangeambiwa kabla ya kupanda ndege.

Ninyi wafanyabiashara wa mpakani mnaelewa. Anayeambiwa njia imefungwa akiwa nyumbani hubaki na mtaji wake. Anayeambiwa kizuizini, nyanya zake huoza. Wakubwa, amueni mapema. Vijana wetu si mzigo wa kuozea njiani.