Karao wa Ijumaa Jioni

Sisi wapanda matatu tunamjua karao wa Ijumaa jioni. Jumanne huyo huyo hupunga mkono gari lipite, hata kama makanga ananing'inia mlangoni. Ijumaa saa kumi na moja macho yamemfunguka. Nyuma kuna asiyefunga mkanda. Hicho kifuko kina nini? Simu ni ya nani? Fungua tuone.

Sheria inamruhusu kusimamisha gari na kulipekua akiwa na sababu ya maana ya kushuku. Kubeba kifuko si sababu. Mwanamke naye hupekuliwa na mwanamke mwenzake, kwa staha, ila kwenye kizuizi mara nyingi huyo afisa wa kike huwa hayupo. Katiba ya Kenya ya 2010 nayo, kifungu cha 49, inasema tukikamatwa tuelezwe sababu kwa lugha tunayoielewa, tuwasiliane na wakili, na tufikishwe kortini ndani ya saa 24.

Sasa, hizo saa 24 ndizo zinazotumaliza. Zikiishia wakati korti imefungwa, husubiriwa siku ya korti inayofuata. Ukishikwa Ijumaa jioni, hakimu ni wa Jumatatu. Siku zote hizo uko seli, mnalala kwa zamu, ndoo iko kona. Mama mboga akitoka, sukuma zake zimeshaoza. Karao anayajua hayo kuliko sisi, ndiyo maana hahitaji kutisha. Anauliza tu kwa upole: tumalizane hapa ama Jumatatu?

Na yote haya kwa mkanda, kosa ambalo faini yake ni shilingi 500! Kifungu hicho hicho cha 49 kinakataza mtu kuwekwa rumande kwa kosa la faini tu, au la kifungo kisichozidi miezi sita. Haya, msomee mwenye bunduki begani, wakati abiria wenzako wanakupigia kelele utoe mia mbili muende nyumbani. Wenzetu hao ndio wanaouma zaidi.

Kituoni nako bondi ni ya bure, lakini jaribu kuiomba usiku. Ukitoa dhamana ya pesa taslimu, unastahili risiti. Wengi wetu tumetoka bila hata karatasi.

Tukilalamika, tunaulizwa: afisa nani, namba gani? Jina lilifunikwa na koti la mvua, na mvua yenyewe haikuwepo.

Basi karao aandike kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, saa aliyotushika na sababu. Mkanda ni kosa letu, hatubishi. Atupe karatasi ya hiyo mia tano, tulipe, gari liondoke.