Mazoezi ya Nguvu Yasiwe Adhabu: Somo Kutoka Mchezo wa Gofu

Najua wengi wenu mkiona kichwa cha habari hii mtacheka. Shule yetu haina kiwanja cha gofu, na hapa Kiseke, penye vilima na mawe mengi, mpira wa gofu ukipigwa hovyo huenda ukagonga jiwe ukamrudia mpigaji mwenyewe. Walakini naomba mnisikilize mpaka mwisho, kwa maana jambo nitakalosema lawahusu wacheza gofu kwanza, kisha latuhusu sisi sote tuamkao alfajiri kwa mchakamchaka.

Rai yangu ni hii. Mcheza gofu mwenye nguvu za miguu, kiuno na mgongo hucheza vizuri kuliko vile ambavyo angecheza bila nguvu hizo, na nguvu hizo hupatikana kwa mazoezi yanayofundishwa kwa utaratibu. Ikiwa mchezo ule unaoonekana kuwa wa kutembea polepole wahitaji mazoezi kiasi hicho, basi sisi tuliozoea kuyaona mazoezi hayo kama adhabu twaitupa mali yetu wenyewe.

Likizo ya Desemba iliyopita nilikwenda Dar es Salaam kwa mjomba wangu. Yeye kwa miaka mingi amekuwa kedi, yaani mchukuzi wa mkoba wa fimbo za wachezaji. Mimi ni beki katika timu ya bweni letu, na nilijiona kuwa mtu mwenye nguvu. Jioni moja, kazi zilipokwisha, mjomba alinipa fimbo nijaribu mahali pa mazoezi. Nikakaza mikono, nikapiga kwa nguvu zangu zote. Mara ya kwanza nilipiga hewa. Mara ya pili nilipiga udongo. Mara ya tatu mpira ulibingirika hatua thelathini hivi, ukasimama. Kisha mjomba, mtu mwembamba aliyepita miaka hamsini, akaupiga wake bila haraka yo yote, nao ukaenda ukapita kibao cha mita 150.

“Mjomba,” akaniuliza, “huko kwa bibi yako mnalima?”

“Twalima, mjomba. Mihogo na viazi.”

“Na unapolima, jembe unalishusha kwa mikono au kwa mwili mzima?”

Nilinyamaza, kwa kuwa jibu nililijua. Kila mtoto wa Kisukuma aliyewahi kushika jembe ajua kwamba alimaye kwa mikono mitupu huchoka kabla ya tuta la tatu. Watazameni wachezaji wa bugobogobo, ile ngoma yetu ya majembe: miguu imekita chini, magoti yamelegea, kiuno chazunguka, na mikono yafuata tu. Kadhalika wavuvi wetu wakivuta nyavu huvuta kwa miguu na mgongo. Mjomba hakuniambia zaidi siku ile. Fundisho jingine nililipata usiku, mgongo uliponiuma, nao uliniuma siku mbili.

Kwa wasioujua mchezo huu, nitaueleza kwa ufupi. Mchezaji huupiga mpira mdogo, usiozidi gramu 46, kutoka mahali pa kuanzia mpaka uingie katika shimo lenye upana wa milimita 108. Kiwanja kamili kina mashimo 18, na ashindaye ni yule aliyetumia mapigo machache. Aruhusiwa kuchukua fimbo zisizozidi 14. Kuyazunguka mashimo yote kwa miguu ni safari ya kilomita nane au kumi, na huchukua saa nne hivi. Basi nani asemaye kwamba huo ni mchezo wa wavivu?

Sasa tazameni pigo lenyewe. Wachezaji mashuhuri wa kiume hukipeleka kichwa cha fimbo kwa mwendo upitao kilomita 180 kwa saa, na safari ya fimbo kutoka juu mpaka kwenye mpira huchukua kama robo ya sekunde. Katika muda huo mfupi miguu husukuma ardhi, makalio hugeuka kwanza, kisha kiwiliwili, kisha mabega, na mwisho kabisa mikono na fimbo. Kila kiungo humpokeza mwenzake nguvu, kama watu waliopanga mstari wakipokezana ndoo za maji. Mmoja akiwa dhaifu, maji humwagika. Ndiyo sababu kijana mwenye mikono minene lakini kiuno kilegevu hushindwa na mzee mwembamba. Tena mgongo wa chini ndio uumiao mara nyingi kwa wacheza gofu, kwa kuwa hulazimika kubeba kazi ambayo makalio na tumbo vimeikataa.

Hapo zamani wacheza gofu wengi waliamini kwamba kunyanyua vyuma humharibu mchezaji, ati humfanya awe mgumu kama gogo. Mmarekani Frank Stranahan hakuamini hivyo. Alisafiri na vyuma vyake, na husimuliwa kuwa wachukuzi wa hotelini walitaabika sana kuinua masanduku yake. Watu walimcheka, naye akatwaa ubingwa wa Uingereza wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1948 na tena mwaka 1950.

Lakini aliyeubadili ulimwengu wa gofu zaidi kwa jambo hili ni Gary Player wa Afrika Kusini, aliyezaliwa Johannesburg mwaka 1935. Huyu si jitu. Kimo chake ni kama mita 1 na sentimita 68, nami nimempita. Mwenyewe husimulia kwamba kaka yake Ian alipokwenda katika Vita Kuu ya Pili, akiwa na umri wa miaka 17 kama mimi leo, alimwachia ahadi ya kuutunza mwili wake kwa mazoezi maisha yake yote. Mtoto yule aliishika ahadi. Alikuwa mdogo kuliko wengi wa wapinzani wake, akajua kwamba asipojijenga wataupiga mpira wampite. Mwaka 1965 alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, na kwa ushindi huo akawa mtu wa tatu duniani kutwaa mashindano yote manne makubwa ya gofu. Kwa jumla aliyashinda mara tisa.

Hata hivyo haki lazima isemwe. Mwaka ule ule wa 1965 Player alishindwa katika mashindano ya Natal, nchini kwake, na Papwa Sewgolum, Mhindi wa Durban aliyeanza kama kedi na aliyeshika fimbo kinyume cha watu wote. Miaka miwili kabla ya hapo, Sewgolum aliposhinda mashindano hayo hayo, alikabidhiwa kikombe chake nje katika mvua, kwa sababu sheria za ubaguzi zilimkataza kuingia nyumba ya klabu. Nalitaja jambo hili kwa sababu mbili. Kwanza, nguvu peke yake hazimshindi mwenye ufundi. Pili, wapo watu waliozuiwa hata kuingia mlangoni, nao wakajifunza; basi sisi tusiozuiwa na mtu tuna udhuru gani?

Mfano wa karibu zaidi ni Bryson DeChambeau wa Marekani. Aliongeza uzito na nguvu nyingi kwa muda mfupi, akashinda mashindano ya wazi ya nchi yake mwaka 2020 kwa tofauti ya mapigo sita. Baadaye alipunguza mwili, akayashinda tena mwaka 2024. Mimi nasoma hapo kwamba faida haikuwa katika unene. Nguvu zilizotumika vizuri ndizo zilizobaki.

Wala mchezo huu hauko mbali nasi kama tudhanivyo. Kando ya ziwa hili hili letu watu wa Entebbe wamecheza gofu zaidi ya miaka mia moja. Mashindano ya wazi ya Kenya yalianza mwaka 1967, na mwaka 1978 yalishindwa na Seve Ballesteros wa Hispania, aliyekuja kuwa mmoja wa wakuu wa mchezo huo. Hapa Tanzania kiwanja cha Lugalo kiko chini ya Jeshi letu. Wasichana nao wasikae pembeni: Madina Iddi wa Arusha ameichezea nchi yetu na kutuletea heshima. Isitoshe, wachezaji wengi wa Afrika ya Mashariki walianza kwa kubeba mikoba ya wengine. Nadhani mikoba ile iliwajengea miguu kabla hawajamiliki fimbo hata moja.

Labda mtauliza: vyuma tutavipata wapi? Hatuvihitaji. Mazoezi yamfaayo mcheza gofu twaweza kuyafanya nyuma ya mabweni. La kwanza, kuchuchumaa na kuinuka, kwanza bila mzigo, kisha ukikumbatia mfuko wa mchanga. La pili, kuinua jiwe la kadiri kutoka chini, magoti yamekunjwa na mgongo umenyooka, kama wafanyavyo wapagazi hodari wa Mwaloni wanapoinua magunia ya dagaa. La tatu, wawili wasimame ubavu kwa ubavu wakirushiana mfuko mdogo wa mchanga kwa kuzungusha kiuno, upande wa kulia na wa kushoto sawasawa, kwa sababu mcheza gofu hugeukia upande mmoja tu siku zote na mwili wake hupinda. La nne, kujilaza juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao. La tano, kujivuta kwenye tawi, na pushapu. La sita, kusimama kwa mguu mmoja, macho mbele.

Siku mbili au tatu kwa juma zatosha, na siku moja ya kupumzika katikati, maana misuli hujengeka mtu anapopumzika. Uzito uongezwe kidogo kidogo. Haba na haba hujaza kibaba. Na asiwepo mtu wa kuinua mzigo bila mwalimu au mwenzake anayejua kumtazama.

Sasa nafikia neno linaloniuma. Katika shule niliyosoma mwanzo, ambayo sitaitaja, pushapu zilikuwa ni za waliochelewa. Kuchuchumaa kulikuwa kwa waliozungumza darasani. Kubeba mawe kulikuwa kwa watoro. Mtoto mtiifu aliweza kumaliza mwaka mzima bila kufanya hata pushapu moja, naye akajivunia jambo hilo. Niliwahi kumwona mwenzangu akichuchumaishwa mpaka magoti yakakataa kumwinua, na tangu siku hiyo hakupenda kusikia habari ya mazoezi ya aina yo yote. Alikuwa mkimbiaji mzuri. Nani ajuaye tulichokipoteza?

Fikirini: je, mwalimu angemwadhibu mtoto kwa kumlazimisha kusoma kitabu, mtoto huyo angependa vitabu? Mazoezi ya adhabu hufanywa kwa hasira, bila hesabu wala mpango, mgongo umepinda, mpaka mtu aanguke. Hayamjengi. Humfundisha tu kwamba nguvu ni jambo la aibu. Gary Player alipewa mazoezi kama ahadi na kaka aliyempenda, akayashika mpaka uzeeni. Kuchuchumaa ni kule kule. Aliyempa na sababu ya kumpa ndivyo vilivyotofautiana.

Wengine watasema kwamba sisi wa Kidato cha Nne tuna mtihani, na saa ya kuchezea hatuna. Wazazi wetu wametuleta hapa kwa jasho, na haki yao ni kuona vyeti. Nakubali. Lakini dakika ishirini, mara tatu kwa juma, ni saa moja tu. Aketiye juu ya vitabu usiku kucha huku mgongo ukimuuma hasomi, hubadilisha kurasa tu. Wengine watasema wasichana watapata miili ya kiume. Mbona dada zetu wanabeba ndoo za maji kichwani kupanda vilima vya Kiseke, na hakuna aliyelalamika kwamba wamekuwa wanaume?

Kwa hiyo naomba mambo mawili, kwa heshima, kwa walimu wetu na kwa viranja wenzangu. Kwanza, tupewe nafasi tatu kwa juma, baada ya masomo, za mazoezi ya nguvu chini ya mwalimu wa michezo, kwa wavulana na wasichana, kwa mifuko ya mchanga tutakayoishona wenyewe. Pili, tukubaliane kwamba pushapu, kuchuchumaa na kubeba mawe visitumiwe kamwe kama adhabu. Mkosaji afagie, aandike, apalilie bustani. Kazi za kumtengeneza hazikosekani.

Pengine hakuna hata mmoja wetu atakayekuwa mcheza gofu. Lakini wengine watakuwa wavuvi, wauguzi, mafundi, wakulima na askari, nao wote watainua vitu vizito kwa migongo hii hii tuliyo nayo leo. Wahenga walisema, samaki mkunje angali mbichi. Mimi mwakani sitakuwapo hapa. Nitafurahi nikisikia kwamba mdogo wangu wa Kidato cha Kwanza ameulizwa, “Kwa nini unapiga pushapu, umekosa nini?” naye akajibu, “Sikukosa kitu. Najijenga.”

Mwanafunzi wa Kidato cha IV