Pichi sio parking, jamani!

Wadau, leo sina stori za mtihani wala za boom. Nina hasira.

Jumamosi mwenzetu kashonwa nyuzi nne mdomoni. Mpira ulidunda pa kawaida kabisa, ukampanda usoni. Uliofuata, palepale, ukatambaa hadi kifundoni. Sababu naijua: kulikuwa na sherehe, mvua imetoka kunyesha, na magari ya wageni yakapaki juu ya pichi yetu ya kriketi. Tukilalamika tunajibiwa "mchezaji mzuri anacheza popote."

Uongo! Januari 2024 pale Newlands, Cape Town, India iliwatoa Afrika Kusini wote kwa mikimbio 55. Mechi nzima ikaisha kwa mipira 642, Test fupi kuliko zote zilizowahi kupata mshindi. Hao nao hawajui kucheza? Refa wa ICC aliandika kuwa pichi hairidhishi, uwanja ukala pointi moja ya adhabu. Na Sabina Park, Jamaica, mwaka 1998, West Indies na Uingereza waliacha mechi baada ya mipira 61 tu, maana watu wangeumia.

Wale wana refa wa kuandika ripoti. Sisi ripoti yetu ni nyuzi za mdomoni.

Na kupima hakuhitaji maabara. Dondosha mpira kutoka urefu wa mita 4.9, pima umeruka kiasi gani, rudia sehemu kadhaa za pichi. Ukiruka chini kila mahali, pichi ni ya polepole, tutacheza. Ukiruka huku juu huku chini, hapo hapachezeki, basi! Mpigaji anaizoea pichi nzito, lakini kigeugeu hakizoeleki.

Mtasema hela hakuna. Sawa, kamba na vigingi vya kuzuia magari ni bei gani? Udongo wa mfinyanzi unataka maji, kisha rola ukiwa bado na unyevu kidogo, na mizizi ya majani iushikilie usimeguke. Mzee anayetunza uwanja anayajua yote haya. Rola hana, ruhusa ya kufukuza gari hana, ila lawama zote anabeba yeye.

Mimi nimesema: mpaka pichi izungushiwe kamba na kupimwa, sivai pedi. Nani yuko nami? Semeni hapo chini.

Naenda kusoma, kesho nina test ya takwimu.