Usitupe plagi kabla hujaisoma

Kila msimu wa kahawa hapa Bukoba na Muleba hukumu gereji ni ile ile: "Plagi imekufa, nunua mpya." Pikipiki imekosa nguvu ikipanda Kamachumu na gunia nyuma. Fundi anafungua plagi, anaitupa bila kuitazama, anafunga mpya, kisha anazungusha skrubu ya kabureta kwa kusikiliza sauti. Unalipa, na baada ya wiki mbili umerudi. Huo si ufundi. Ni kubahatisha kwa pesa yako.

Mgomba ukinyauka, afisa ugani anakata shina aone kama ute wa njano unatoka. Akianza kukupa dawa kabla ya kukata, utamfukuza shambani. Sasa kwa nini fundi unamwacha?

Wanaotetea tabia hii husema plagi ni bei ndogo. Ni kweli, lakini plagi mpya ni bubu. Haijaungua, haina rangi, haiwezi kukuambia lolote mpaka itembee. Ile ya zamani iliyotupwa ndiyo iliyokuwa na ushahidi. Na ile skrubu inayozungushwa hurekebisha mchanganyiko injini ikiwa sailensa tu. Ukivuta mafuta mpaka mwisho mlimani, petroli inapita kwenye jeti kubwa. Ugonjwa wa mlimani hautibiwi kwa skrubu ya sailensa, hata fundi awe na sikio zuri kiasi gani.

Isome hivi. Panda mlima na mzigo wako wa kawaida, na ukifika mahali salama bana klachi, zima injini hapo hapo, usimame. Usiiache ingurume, maana masizi ya sailensa yatafunika habari uliyoifuata. Iache ipoe kidogo, fungua plagi, tazama ile kauri inayozunguka ncha ya katikati.

Kahawia hafifu: mchanganyiko ni mzuri, tafuta tatizo kwingine. Masizi meusi makavu: petroli imezidi hewa. Kwetu anza na chujio la hewa, kwa sababu vumbi jekundu la kiangazi hulikaba. Kumbuka pia kwamba Bukoba yenyewe iko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na ukipanda Kamachumu hewa inazidi kuwa nyepesi huku jeti ikitoa petroli karibu ile ile. Nyeusi yenye mafuta ya kuteleza ni oili inayopanda, mara nyingi pete za pistoni zimechoka. Kabureta haina kosa.

Nyeupe kama chokaa ndiyo ya kuogopa. Hewa imezidi, injini inachemka, na ukiendelea hivyo pistoni inaweza kutoboka. Kagua raba kati ya kabureta na injini kama imepasuka, kisha safisha jeti, hasa kama unanunua petroli ya chupa za maji kando ya barabara. Hakikisha pia namba ya plagi ni ile ya kitabu cha pikipiki yako, la sivyo rangi itakudanganya.

Wachache wenye silinda mbili wana bahati: plagi mbili, mashahidi wawili. Moja ikiwa nyeusi na nyingine nyeupe, badilishaneni nafasi, tembea tena. Weusi ukihama na plagi, plagi ni mbovu. Ukibaki kwenye silinda ile ile, mchanganyiko wa upande huo ndio haulingani na mwenzake.

Nasema kwa ukali kwa sababu sisi maafisa ugani tuliogawiwa pikipiki mwaka 2022 tunajua pikipiki ikilala gereji maana yake nini: mkulima wa Nshamba hatembelewi. Kwa bodaboda ni ada ya mtoto. Kwa hiyo ukienda gereji, dai plagi yako ya zamani mkononi kabla mpya haijatolewa kwenye boksi. Fundi akinuna, mwulize ameona rangi gani. Asipojibu, washa uondoke.