Kava lililoegemezwa ukutani: barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika la Viwango Tanzania (TBS)

Ndugu Mkurugenzi Mkuu,



Kwenye mashine nyingi za unga huku Kanazi, Ngara, mkoani Kagera, mkanda unazunguka wazi kati ya injini na kinu. Kina mama wako foleni hatua mbili pembeni, watoto mgongoni, ncha za vitenge zikipepea. Kava lipo, ila limeegemezwa ukutani. Mkaguzi akija atamkaripia mwenye mashine. Mimi namlaumu aliyeibuni. Mkanda hulegea, na huwezi kuukaza bila kufungua nati nne za kava. Foleni inanung'unika, giza linaingia. Nati zikishafunguliwa hazirudi. Kava lenye bawaba lingemaliza kesi.

Ipo njia ya kuyaona haya mapema. Jeshi la Marekani liliiandikia utaratibu mwaka 1949, na watengenezaji wa magari wanaitumia hadi leo: kila kipande kinaulizwa kitaharibikaje, madhara yatakuwa makubwa kiasi gani, yatatokea mara ngapi, na dalili itaonekana mapema au la. Madhara, marudio na ugumu wa kugundua hupewa alama 1 hadi 10, kisha mara nyingi huzidishwa. Hapo pana mtego. Hitilafu ya nadra inayokata mkono ikipata 10 × 2 × 2, ni 40. Chekeche linaloziba kila mara likipata 4 × 5 × 5, ni 100. Ukifuata hesabu tu, chekeche litarekebishwa na mkono utasubiri. Kinachoweza kuua au kulemaza kitangulie, hata jumla yake ikiwa ndogo.

Watu wa Kagera hatuulizi haya kwa udadisi. Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba, ikitoka kwetu, ilipinduka karibu na Mwanza, ikaelea juu chini huku watu wakigonga kutoka ndani. Ilipotobolewa ili waokolewe, hewa iliyokuwa ikiifanya ielee ikatoka, meli ikazama. Meli ikipinduka, waliomo watatokea wapi? Swali hilo ni la mezani, chombo kikiwa bado mchoro karatasini.

Ombi langu: anayewaletea mashine ya kusaga, kukoboa au kukatia majani ya ng'ombe ili apate alama ya ubora, mdaini pia karatasi ya hitilafu yenye maswali hayo, aliyoijaza pamoja na mtu anayeendesha mashine ya aina hiyo kila siku. Fundi wa kuchomelea anayeunda mashine hizi hana mhandisi wa kumuuliza. Mtengenezeeni mfano uliokwishajazwa, kwa Kiswahili, ugawanywe kupitia ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo, mikoani. Ukurasa mmoja unatosha.

Wako,
Mkazi wa Kanazi