Seva Haijambo, Mwanafunzi Atozwa Faini

Kwa desturi yetu, mgonjwa akiulizwa "hujambo?" hujibu "sijambo", hata kama homa imemlaza siku ya tatu. Muulizaji mwenye busara haondoki hapo. Huvuta kiti, akauliza zaidi: Umekula? Umelala? Dawa umepata? Niliikumbuka desturi hiyo hivi karibuni nilipoketi katika kamati ya rufaa za wanafunzi waliotozwa faini kwa kuchelewa kujisajili.

Utetezi wa wanafunzi ulikuwa mmoja: mfumo ulikataa. Jibu la ofisi ya TEHAMA nalo lilikuwa moja: taarifa za siku zile zinaonyesha seva zote mbili zilikuwa nzima, kijani tupu asubuhi hadi usiku. Baadhi ya wajumbe wenzangu walikuwa tayari kuhitimisha kwamba vijana wanasema uongo. Nikaomba, kabla ya kuhukumu, tuelezwe jambo moja: afya hiyo ilipimwaje?

Mbele ya seva hizo kuna kigawa mzigo, yaani mtambo unaopokea maombi ya watumiaji na kuyagawa kwa seva zilizo nyuma yake. Kila baada ya sekunde 30 mtambo huo hubisha hodi kwa kila seva. Ukaguzi uliowekwa ulikuwa wa TCP: poti namba 443 ikiitikia, seva huhesabiwa kuwa nzima. Haukuuliza neno la pili. Kumbe nywila ya hifadhidata ilikuwa imebadilishwa. Seva moja ikapewa nywila mpya, ya pili ikasahauliwa. Hiyo ya pili iliendelea kuitikia hodi, lakini haikuweza kusoma wala kuandika jina la mwanafunzi hata mmoja.

Kwa nini basi mafundi walipojaribu wenyewe waliona mambo yanakwenda? Kigawa mzigo kilipangwa kumrudisha mtumiaji kwenye seva ile ile kwa kufuata anwani yake ya mtandao. Mabweni yote hutokea intaneti kwa anwani moja, na jengo la utawala kwa anwani nyingine. Bahati ililiangukia jengo la utawala, likapata seva nzima. Mabweni yakapata mbovu, na kila mwanafunzi aliyeambiwa "jaribu tena" alirudishwa pale pale alipokwama.

Nywila kusahauliwa ni kosa la kibinadamu, nami silikuzi. Ninachokataa ni kipimo dhaifu kugeuzwa ushahidi dhidi ya aliyeumizwa. Taarifa ile ilithibitisha kwamba poti ilikuwa wazi, basi. Aliyeisoma kuwa huduma ilikuwepo alisoma kisichoandikwa, na kwa usomaji huo kijana wa mkulima akatakiwa kulipa fedha asizonazo.

Tiba inajulikana. Ukaguzi wa HTTP unaweza kuelekezwa kwenye ukurasa maalumu ambao, kabla ya kujibu 200, hujaribu kusoma rekodi moja kutoka hifadhidata. Ukishindwa hujibu 503. Hapo napo umakini unahitajika, kwa kuwa baadhi ya vigawa mzigo hupokea jibu lolote kati ya 200 na 399 kuwa dalili ya uzima, hata kama ni la kumwelekeza mtu ukurasa mwingine. Fundi anayetafuta hitilafu asitosheke na rangi ya kijani. Aiulize kila seva peke yake, tena akiwa upande ule wanaokaa wanaolalamika.

Nimejibiwa kwamba ukaguzi wa kina una hatari: hifadhidata ikikwama kidogo, seva zote zitahesabiwa mbovu na kuondolewa kwa pamoja. Hoja hiyo ni ya kweli. Tarehe 20 Oktoba 2025, katika vituo vya Amazon kaskazini mwa Virginia, Marekani, ukaguzi wa afya wa vigawa mzigo ulikuwa ukizihesabu mbovu seva mpya ambazo mipangilio yake ya mtandao ilikuwa haijakamilika kusambazwa. Uwezo ukaondolewa, ukarudishwa, ukaondolewa tena, hadi wahandisi wakalazimika kusimamisha uondoaji huo wa kiotomatiki. Lakini baadaye kampuni ilichapisha maelezo ya saa kwa saa na kuomba radhi. Haikuwaambia wateja kwamba taarifa ni za kijani na wao ndio wazembe.

Hatari hiyo ina kinga zake. Ukaguzi mwepesi ubaki kuamua seva ipi iondolewe. Ukaguzi wa kina umwamshe fundi. Zaidi ya yote, zihesabiwe kazi zilizokamilika: saa hii wamejisajili wangapi, na kutoka wapi? Bweni zima lenye mamia ya wanafunzi likionyesha sifuri siku ya mwisho ya usajili, hakuna rangi ya kijani inayoweza kuifuta sifuri hiyo.

Kamati itakutana tena kutoa uamuzi. Nitataka faini zote za siku zile zifutwe, waliokwisha kulipa warudishiwe fedha zao, na kuanzia sasa atakayeleta taarifa kwamba mfumo ulikuwa mzima aandike pia mfumo huo uliulizwa nini. Bila hayo, sitatia saini.